Diwani Iliyofika Rotterdam

Mwaka 1937, katika mji wa bandari wa Rotterdam, Uholanzi, yalianzishwa makumbusho ya historia ya kodi na forodha. Jina lake ni Belasting & Douane Museum, na aliyesoma Kiarabu atasimama mlangoni kabla ya kuingia. Neno la kwanza asili yake ni kutwisha mzigo. La pili ni diwani, neno la Kifursi lililoingia katika Kiarabu, likapita Italia likawa dogana. Sayyidna Umar (r.a.) alipoanzisha diwani, ilikuwa daftari ya majina ya wanaostahili kupewa. Huko limekuwa jina la mahali pa kutoa! (Wala tusicheke: ushuru wetu ni 'ushuur, mafungu ya kumi, hata tukitozwa robo nzima.)

Kuhifadhi historia hii ni kazi ya kushukuriwa. Hoja yangu ni moja: kuweka kila kilichotozwa chini ya paa moja, kama kitu kimoja kilichokua miaka kwa miaka, kunalififisha swali ambalo fuqahaa walianza nalo. Kimetwaliwa kwa haki gani?

Tutazame kisa mashuhuri cha nchi ile. Mwaka 1569 Duke wa Alva, gavana wa mfalme wa Uhispania, alidai asilimia 10 ya kila bidhaa inayouzwa, na dai hilo likawa miongoni mwa mambo yaliyochochea uasi. Mfano wake ulikuwa alcabala ya Uhispania, neno ambalo wanalugha wengi hulirejesha kwenye al-qabaala: mtu kumdhaminia mtawala kodi ya eneo kwa kiasi maalumu, kisha akajikusanyia mwenyewe. Al-Imam Abu Yusuf, katika Kitabul-Kharaaj aliyomwandikia Harun Ar-Rashid, aliukataza mtindo huo, kwani mdhamini hajali anamuumiza nani madhali apate faida. Forodha ya Unguja nayo, katika karne ya 19, ilikodishwa hivyo hivyo.

Abu Yusuf huyo huyo anapokea kuwa Abu Musa Al-Ash'ari alimwandikia Umar kwamba wafanyabiashara Waislamu hutozwa fungu la kumi katika nchi za maadui. Umar akaamuru wafanyabiashara wa nchi hizo watozwe vivyo hivyo. Dhimmi nusu ya hiyo, Muislamu robo, na mali isiyofika dirham 200 iachwe. Mkristo mmoja alipolalamika kutozwa mara mbili, Umar aliamuru iwe mara moja kwa mwaka. Kumi ya Alva ilirudi kila bidhaa ilipouzwa tena. Hesabu ni moja, hukumu ni mbili.

Vijana wetu wa forodhani huniuliza: je, mimi ndiye sahibu maks aliyeonywa katika Hadithi? Al-Ghazali na Ash-Shatibi walimruhusu mtawala kutoza pale hazina inapokuwa tupu na haja ni ya kweli, kwa kadiri ya haja tu. Basi kijana aulize fedha inakwenda wapi. Ama ile anayoiongeza mwenyewe ili mzigo utoke upesi, hiyo haina khilafu.

Wallaahu a'lam.