Kioo na Alama

Oktoba 1928 Virginia Woolf aliwahutubia wanafunzi wa Newnham na Girton, vyuo viwili vya wanawake huko Cambridge; mwaka uliofuata hotuba hizo zikawa kitabu, A Room of One's Own. Wengi hukikumbuka kwa ajili ya chumba na pauni 500 kwa mwaka. Sehemu yenye uzito zaidi, hata hivyo, ni ile ya kioo.

Maisha, asema Woolf, hudai mtu ajiamini, na njia nyepesi ya kujiamini ni kumdhania mwingine kuwa duni. Kwa karne nyingi mwanamke amekuwa kioo kimwonyeshacho mwanamume umbo lake likiwa maradufu. Hapo pana jambo ambalo walimu wengi hulikosea. Wao hudhani kujiamini ni tunda la alama nzuri, kumbe huweza kutangulia alama, tena hugawiwa na watu wengine.

Ushahidi wake ni Oscar Browning, aliyewahi kuwatahini wanafunzi wa vyuo hivyo hivyo viwili. Kwa mujibu wa kitabu, yeye alishikilia kwamba, alama ziwe zozote, mwanamke bora kwa akili yu chini ya mwanamume dhaifu kuliko wote. Alama ziwe zozote! Mwaka 1890 Philippa Fawcett wa Newnham alimpita mwanamume wa kwanza katika mtihani wa hesabu. Jina lake likasomwa kuwa juu ya wa kwanza, lakini shahada hakupewa. Cambridge haikuwapa wanawake shahada kamili mpaka 1948. Msichana aliyemfuata darasani angejipimaje, ilhali mwenye mizani alikataa kuusoma uzito?

Dawa ya Woolf, yaani fedha na mlango wenye kufuli, yamfaa mwandishi kuliko mwanafunzi. Uchunguzi wa PISA wa 2012, kwa wanafunzi wa miaka 15, uliona kuwa hata wasichana waliolingana na wavulana kwa alama za hesabu hawakujiamini kama wao. Mlango umefunguliwa, kioo kingali ukutani.

Woolf mwenyewe aliyajua madhara hayo kuliko dawa yake ionyeshavyo. Mwanzoni mwa kitabu msimulizi wake anatembea akiwaza, akafukuzwa kwenye majani ya chuo yasiyokanyagwa na wanawake. Habishani. Anarudi kwenye kijia cha changarawe, na wazo lake, alilolifananisha na samaki mdogo, limekwisha kujificha.