Mshono wa Katikati

Fundi cherehani akitaka kukata shingo ya gauni hapimi kulia kisha akapima kushoto. Anakunja kitambaa katikati, anachora tao fupi kwa chaki kuanzia kwenye mkunjo, anapitisha mkasi mara moja, anakunjua. Shingo hiyo, pande zote sawa. Dada yangu hufanya hivyo barazani kwake hapa Misungwi mara kadhaa kwa siku, wala hakatishi mazungumzo na mteja. Mimi huwa nimekaa nyuma yake kwenye kiti cha plastiki, laptopu mapajani, na imenichukua karibu mwaka mzima kutambua kwamba tunafanya kazi moja.

Mimi nachonga watu wa kompyuta. Natumia Blender, programu isiyouzwa. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilipoanguka mwaka 2002, Mholanzi aliyeianzisha, Ton Roosendaal, aliitisha mchango. Ndani ya wiki 7 zikapatikana euro 100,000 na programu ikakombolewa, ikawa ya kila mtu. Ndiyo hiyohiyo iliyotengeneza Flow, filamu ya paka kutoka Latvia iliyoshinda Oscar mwaka 2025. Kwa hiyo chombo si kisingizio changu. Kisingizio changu ni umeme.

Mtu niliyekuwa namchonga ni mcheza Bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma iliyozaliwa na vikundi vya kulima pamoja. Mwili wa binadamu una huruma kwa mchongaji: ukishatengeneza jicho moja, sikio moja na mkono mmoja, unasimamisha kioo katikati na programu inakuzalia upande wa pili. Kila unachogusa kushoto, kulia nako kinatikisika. Mara ya kwanza kuona hivyo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kicheko kiliisha nilipolainisha ngozi. Ufa mwembamba ulimshuka yule bwana kutoka utosini hadi kitovuni, kama kibuyu kilichopasuliwa. Umbo la kompyuta ni wavu wa nukta zilizounganishwa kwa mistari, na zile za katikati ndizo zinazopaswa kukutana na pacha wao wa kwenye kioo. Blender, usipoigusa mipangilio yake, huunganisha pacha waliokaribiana kwa milimita 1 tu. Zangu zilikuwa zimepotoka. Na kioo hakina siri: nukta ikiwa milimita 2 kutoka katikati, pacha wake yuko milimita 2 ng'ambo, na ufa kati yao ni milimita 4. Kosa limezaa pacha.

Nikafanya afanyavyo kila mwanafunzi mvivu. Nikaongeza ule umbali wa kuunganisha, nikaongeza tena, mpaka ufa ukafunga. Ukafunga na mengine: ule mfereji wa chini ya pua ukafutika, matundu ya pua yakavutwa katikati, mcheza ngoma wangu akabaki na sura ya mtu aliyebanwa na mlango. Dawa yenyewe ni ndogo hadi inaudhi. Unachagua nukta zote za katikati, unabonyeza S, kisha X, kisha 0, nazo zinajipanga mstari mmoja. Halafu unahakikisha mstari huo umekaa kwenye sifuri, palepale kioo kilipo, na unawasha kizuizi ili nukta isivuke tena kwenda ng'ambo. Kioo chenyewe kinasimama kwenye kitone cha rangi ya chungwa, kitovu cha umbo. Ukikisogeza bila kujua, ni sawa na kitambaa kuteleza mkunjo ukiwa umeshachorwa: mtu anatoka na mabega ya bondia au kifua cha njiti.

Ila kidevu ndicho kilichonishinda. Nukta zote zipo sifuri, ufa hakuna, lakini kidevu kina ncha kama mdomo wa mtumbwi. Niliigeuza laptopu nikamwonyesha dada. Aliangalia huku ana pini mdomoni.

"Hapo umeanza na mshazari, mdogo wangu."

"Mshazari wapi?"

"Kwenye mkunjo. Chaki ikitoka pale itoke imenyooka kwanza, hata kama ni upana wa kidole, ndipo uipinde. Ukianza kupinda palepale, ukikunjua unapata shingo ya V. Mteja hakuomba V."

Akarudi kwenye mashine yake. Nikanyoosha mstari wa kwanza kila upande wa kidevu, ukawa pembe mraba kabisa na kioo. Ncha ikapotea.

Sasa kuna kosa ambalo hata yeye asingeliona kwa macho, maana limefichwa ndani. Kifuani palibaki tuta jembamba. Nililipiga pasi kwa nje usiku mbili. Usiku wa tatu nikaingia ndani ya mwili, nikakuta ukuta: kipande bapa cha wavu kilichobaki katikati nilipokuwa nauvuta mwili kutoka kwenye boksi la mwanzo. Kinaivuta ngozi kwa ndani, nawe unahangaika na nje. Nilikifuta kwa kubonyeza mara mbili. Usiku mbili!

Wapo wanaokwepa kioo: wananakili nusu na kuigeuza kwa kipimo cha hasi moja. Inafaa, ila mara nyingi nusu hiyo hutoka imevaliwa ndani nje, kama satini iliyoshonwa upande usiong'aa. Blender ina taa ya kukuumbua; kwenye toleo langu ni nje buluu, ndani nyekundu. Nimewahi kuona mtu nusu buluu, nusu damu.

Ufa wa katikati nimewahi kuuona hata nje ya kompyuta. Pale Kigongo, kabla daraja la kwenda Busisi halijafunguliwa Juni 19, 2025, nilikuwa nikingoja kivuko na kuangalia sitaha ikitanuka kulia na kushoto kwa nguzo kubwa, mizani kwa mizani, kuelekea kukutana juu ya maji. Jicho langu lilikuwa kwenye pengo tu. Daraja lina takriban kilomita 3; nilichokiogopa mimi kilikuwa zile mita za mwisho.

Mcheza ngoma nimemaliza. Kioo nimekiondoa, kwa sababu aliyebeba jembe hawezi kuwa sawa pande zote: bega la kulia limeshuka kidogo, na nyonga ya kushoto imejitokeza kulipokea. Faili la nusu sijalifuta. Liko peke yake kwenye folda, lina jicho moja na mkono mmoja, na katikati nukta 63, zote kwenye sifuri.