Tafsiri sisisi ilivyoingiza ‘sera’ ndani ya swichi

TAFSIRI sisisi humpunguzia mfasiri kazi, ikamwongezea msomaji. Ndivyo ninavyoiona istilahi ‘uelekezaji kwa kuzingatia sera’, ambayo humtoka mtu upesi anapojaribu kueleza kwa Kiswahili namna swichi inavyopangiwa njia za data.

Swichi ninayozungumzia si ile ya kuwasha taa. Ni kile kisanduku chenye matundu ya nyaya kinachounganisha kompyuta za ofisi au shule. (Kama ziitwe tarakilishi au ngamizi, tuyaache kwa leo.) Swichi za hali ya juu hufanya pia kazi ya ruta, na kwa kawaida huifanya kama makanga wa matatu ya 46 ya Kawangware. Swali lake kwa abiria ni moja: ‘Unaenda wapi?’ Pakiti ya data hubeba anwani ya iendako, swichi ikatazama jedwali lake la njia, ikaipandisha gari.

Mwenye mtandao anaweza, hata hivyo, kuiamuru iulize zaidi. Unatoka wapi? Umebeba nini? Hapo pakiti mbili ziendazo mahali pamoja zinaweza kupitishwa njia mbili tofauti.

Tuseme saiba moja ya Kawangware ina laini mbili, moja ya kasi na ghali, nyingine ya bei nafuu inayojikokota. Mwenyewe anataka kompyuta za kaunta, zinazohudumia wateja wa eCitizen, zitumie ile ya kasi. Wanaotazama video wavumilie. Fundi huandika orodha inayozitambua kompyuta za kaunta kwa anwani zake, akaongeza agizo kwamba pakiti zinazolingana na orodha zikabidhiwe laini ya kasi, kisha akaufunga mpango huo kwenye upande ambako data ya kompyuta hizo huingilia swichi. Akiufunga upande wa kutokea, hakuna kitu. Net itapita tu ile njia ya zamani, na mtu atashinda akikuna kichwa. Pakiti isiyolingana na orodha hufuata jedwali la kawaida.

Sasa sera iko wapi hapo? Mkenya akisikia sera hufikiria serikali na vyama, sera ya elimu, sera ya lugha, sera zinazomwagwa majukwaani msimu wa kampeni. Ni jambo pana, la nia na mwelekeo. Kilichomo ndani ya swichi ni chembamba: ukitoka hapa, pitia pale. Neno tunalo. Kila tangazo la redio huishia kwa ‘vigezo na masharti kuzingatiwa’, na msemo huo unafaa fundi wetu kuliko anavyodhani: kigezo ndicho kinachoitambua pakiti, sharti ndilo linaloamua itakakopitia. Ningesema ‘uelekezaji kwa masharti’.

Najua nitaambiwa kwamba sharti ni lazima pia, si hali tu. Kweli. Lakini hapa maana zote mbili zinafaa, maana pakiti haina hiari.

Si suala la kupendezesha kamusi. Kibera kuna TunapandaNET, mtandao wa jamii wa taasisi ya Tunapanda, unaounganisha shule na vituo vya vijana mtaani. Mtandao wa aina hiyo ni wa watu wa mtaa, na wanaoutumia wana haki ya kujua nani anapita njia gani. Mwambie mzazi kikaoni kwamba ‘sera ya mtandao hairuhusu’, atanyamaza, kwa kuwa sera hutoka juu. Mwambie kuna sharti limewekwa, atauliza papo hapo: ‘Nani kaliweka, na tuliongea lini?’ Na kweli kuna mtu aliyeliandika, kwa vidole vyake.

Halafu kuna kizaazaa cha silabi moja. Mtandao wa jamii ni huo wa Kibera. Mtandao wa kijamii ni Facebook na wenzake. Wa kwanza unaweza kuwekewa sharti linaloupeleka wa pili kwenye laini ya polepole. Jaribu kuisoma sentensi hiyo redioni bila kuteleza! Wanaistilahi wangeanza hapo kabla ya kugusa swichi. Mimi nayaita ya kwanza ‘mitandao ya mtaa’, na sijaona bado anayepotea.