"Kemikali" na "Asili": Kasoro katika Istilahi za Mafuta ya Kukinga Jua

Mkulima mwenye ualbino aliyeko Mwese, katika nyanda za juu za Mkoa wa Katavi, hapaki mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya urembo. Huyapaka ajikinge na saratani ya ngozi. Kwa hiyo anayefasiri maelezo ya chupa ana dhamana kubwa.

Mazoea ya kuyagawa mafuta hayo kuwa ya "kemikali" na ya "asili" hayafai. Oksidi ya zinki, inayoitwa ya asili, nayo ni kemikali. Na masikioni mwa wengi "kemikali" ni jina la pili la sumu. Wala si kweli kwamba oksidi hiyo huakisi tu miale ya urujuanimno: sehemu kubwa huifyonza, kama vifanyavyo vichujio vingine. Tunapendekeza "vichujio vya kikaboni" na "vichujio vya madini".

Kosa la pili ni zito zaidi. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipendekeza oksidi ya zinki na dioksidi ya titani zihesabiwe kuwa salama, ikataka ushahidi zaidi juu ya vichujio 12 vya kikaboni, miongoni mwavyo oksibenzoni, ambayo huingia katika damu. Lakini "haijathibitishwa kuwa salama" si sawa na "imethibitishwa kuwa na madhara". Mfasiri akizichanganya kauli hizi, mkulima wetu ataitupa chupa na kubaki na jua.

Twawaomba wafasiri na walimu watoe maoni yao kabla makosa haya hayajazoeleka.