Aliyepima Uchafu Wake Kwanza

Mwishoni mwa miaka ya 1940, wanafunzi wawili wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Chicago walikabidhiwa punje ndogo mno za madini ya zirkoni. George Tilton alipewa kupima urani, Clair Patterson risasi. Urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana, kwa hiyo ukijua kiasi cha zote mbili, unaweza kukokotoa umri wa mwamba. Tilton alifanikiwa. Patterson kila akipima aliikuta risasi imezidi mno, na leo imezidi hivi, kesho vile.

Angeweza kuilaumu mashine. Badala yake alianza kuuliza risasi hiyo inatoka wapi, na jibu likawa: kila mahali. Ilikuwa kwenye maji ya bomba, kwenye vyombo vya kioo, kwenye rangi ya ukuta, kwenye tindikali iliyonunuliwa ikiitwa safi, kwenye nguo na nywele za mpimaji mwenyewe.

Alipohamia Caltech, California, mwaka 1952, alijijengea maabara ambayo wageni waliiona kama ya mtu aliyeshikwa na wazimu wa usafi. Hewa ilichujwa kisha ikasukumwa ndani kwa shinikizo, ili mlango ukifunguliwa upepo utoke, vumbi lisiingie. Vyombo vililowekwa kwenye tindikali ya moto, vikasuuzwa, vikarudishwa tena. Tindikali yenyewe aliikeneka upya.

Lakini hatua ninayoistahi zaidi ni ile asiyoiona mtu. Patterson alifanya kipimo kizima bila kuweka jiwe ndani: tindikali zilezile, vyombo vilevile, muda uleule. Risasi itakayotokea mwishoni ni yake yeye, si ya jiwe, na lazima itolewe kwenye hesabu. Wakemia wengi hufanya hivyo mara moja, wakaandika tarakimu na kuendelea. Yeye aliigawa tarakimu hiyo: tindikali imeleta kiasi gani, chombo kiasi gani, hewa kiasi gani, kisha akakifuata kila kimoja mpaka kipungue.

Uvumilivu huo ulizaa tunda lake la kwanza mwaka 1953, alipopeleka risasi ya kimondo cha Canyon Diablo, kilichoanguka Arizona, kwenye spektromita ya masi ya maabara ya Argonne. Kwa kuwa vimondo viliumbika wakati mmoja na Dunia, mwaka 1956 aliweza kuchapisha umri wa Dunia: miaka bilioni 4.55, ikizidi au kupungua kwa milioni 70. Tarakimu hiyo haijatikisika hadi leo. Wengine wangeishi kwa sifa hiyo maisha yao yote.

Yeye aligeukia ule uchafu. Kama risasi iko kila mahali, imefikaje huko? Akapima bahari na kukuta maji ya juu yana risasi nyingi kuliko ya vilindini, jambo ambalo lisingekuwepo kama ingekuwa inaingia kwa kasi ileile tangu kale. Mwaka 1969, yeye na wenzake Murozumi na Chow walionyesha jinsi risasi ilivyopanda katika matabaka ya theluji ya Greenland, hasa baada ya petroli kuanza kutiwa risasi katika miaka ya 1920. Kupima barafu kulidai ufundi wa peke yake. Mche wa barafu uliotolewa kwa kuchimba umekwisha chafuliwa na chuma na mafuta, basi baadaye yeye na wenzake wakawa wanaukwangua tabaka kwa tabaka kuelekea kiini, wakipima kila tabaka. Risasi ilipoacha kushuka na kubaki palepale, ndipo walipojua wamefika kwenye barafu ya kweli. Isipoacha kushuka, mche huo hautoi jibu.

Vita vyake na kampuni za mafuta juu ya petroli yenye risasi vimesimuliwa sana, nami sitavirudia. Kwa kifupi, alipoteza fedha za utafiti na kuachwa nje ya kamati ambayo alistahili kukaa ndani yake. Risasi iliondoka kwenye petroli taratibu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ulipoanza mwaka 2006 petroli ya vituo vyetu ilikuwa haina. Algeria ilimalizia 2021.

Kwangu mimi kazi inayomweleza vizuri zaidi ni ya samaki. Mwaka 1980, yeye na Dorothy Settle walichapisha vipimo vya jodari. Risasi katika nyama ya jodari wa kopo lililofungwa kwa solda yenye risasi ilizidi ile ya jodari mbichi kwa maelfu ya mara. Hilo lilitisha. Ila lililowaaibisha wenzake ni lingine: maabara zinazoheshimika zilikuwa zikitoa kwa samaki mbichi tarakimu kubwa mara mamia na zaidi, kwa sababu zilikuwa zinapima visu, meza na hewa zao wenyewe, na hivyo tofauti kati ya kopo na bahari ikafichika. Wataalamu wa kemia ya bahari walipoanza kufuata usafi wake, waligundua kwamba vipimo vingi vya metali katika maji ya bahari vilivyochapishwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970, vya zinki na shaba vikiwemo, havikufaa kutumika tena, wakaanza kupima upya.