Kutundika Chandarua na Kukivumilia

Mwanafunzi wa Ifakara asomaye Kiingereza hakwami kwa "put" wala kwa "up", hukwama yanapokutana. "They put up the net" ni kusema kwamba walitundika chandarua. "They put up with the net" ni kwamba walikivumilia, na joto lake. Katika bonde la Kilombero hilo si jambo la darasani tu. Vyandarua vyenye dawa, vilivyoitwa Zuia Mbu, viliuzwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kuanzia 1997, na habari za utafiti wake nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri akiidharau "with", malalamiko ya watu yatageuka kuwa utii.

Kamusi za lugha mbili, ya Johnson ya 1939 na ya TUKI ya 1996 pia, huviweka vitenzi hivi chini ya kitenzi kikuu. Mpango huo wamfaa atafutaye neno, haumfai sana atafutaye tofauti. Kinachoamua ni kitendwa: bei hupandishwa, mgeni hulazwa, mkono huinuliwa, chandarua hutundikwa, na yote hayo Mwingereza huyaita "put up". Mpangilio wa maneno nao ni shahidi asiyeulizwa. Chandarua chaweza kuingia kati, "put the net up". Kiwakilishi hakina budi kuingia, "put it up". Lakini katika "put up with it" hapana kipenyo.

Wako wafundishao kwamba "up" ni juu, basi. Kanuni hiyo yatosha kwa mkono na bei. Ikifika kwa "bring up" yapotea njia, kwani mtoto aliyelelewa na bibi yake na mtoto aliyetapika maziwa wote hupewa kitenzi hicho kimoja. Muuguzi asiyetazama ni nini kilicholetwa "juu" ataandika ugonjwa mahali pa malezi.

Na mwanafunzi huyu si mgeni wa mambo hayo. Mkulima wa mpunga ahamaye nyumbani akahamia dunguni kulinda shamba hahitaji kuambiwa kwamba kuhama Ifakara si kuhamia Ifakara, wala kwamba kumkimbia mtu si kumkimbilia. Kiswahili huutia utofauti ndani ya mwili wa kitenzi, ambako sikio haliwezi kuuruka. Kiingereza huiacha "put" kama ilivyo, na kumlazimu msomaji angoje mwisho wa sentensi. Ajabu ni kwamba vitabu vya shule huanzia kwenye orodha za kukariri, haviigusi "hamia" kabisa.