Gia Moja Hadi Lamadi

Kutoka Maswa hadi Bariadi ni kilomita 49.7 za lami. Kutoka Bariadi hadi Lamadi, ufukweni mwa Ziwa Victoria, ni 71.8. Waliopima njia hii waliipima kwa ajili ya malori na mabasi, lakini mtu wa Maswa mwenye baiskeli naye ana kipimo chake, na kipimo hicho kiko mapajani. Baiskeli yenyewe ni ile ndefu nyeusi, Phoenix ya Mchina au nduguye, magurudumu ya inchi 28, gia ya mbele meno 48, ya nyuma meno 20. Pedeli ikizunguka mara moja, baiskeli inasogea mita 5 na ushee. Piga hesabu mpaka ziwani: mizunguko zaidi ya 22,000, kabla ya kupunguza ile ya mteremko ambapo miguu inapumzika. Na gia ni hiyo hiyo moja, kupanda na kushuka.

Ninaowasifu hapa ni watu wanaoikamilisha safari hiyo kwa siku moja, na kesho yake wakaonekana sokoni kama kawaida. Wapo wanaoiita kazi ya misuli. Misuli wanayo hata vijana wanaoishia Bariadi wakitweta. Ninachokiona mimi ni ufundi wa kubana matumizi: kujua nguvu itumike wapi na wapi ifichwe.

Ufundi huo unaanzia kwenye saa ya kuondoka. Mzoefu anatoka saa kumi za usiku, na jua ni sababu ndogo tu. Sababu kubwa ni upepo. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake ikapanda, na ile ya ziwani ikaja kujaza nafasi. Kwa hiyo kuanzia adhuhuri upepo wa ziwa huvuma kuelekea bara, usoni kabisa mwa anayekwenda Lamadi. Kwenye baiskeli ya kukaa wima, kifua kikiwa wazi, upepo huo ni mlima usioonekana. Aliyechelewa kutoka Maswa kwa saa mbili hapotezi saa mbili tu. Anaweza kupoteza alasiri yote.

Halafu kuna kusoma ardhi. Lami imerahisisha mambo, lakini ukiacha barabara kuu kuingia vijijini, nchi ya Wasukuma inakujia kwa mpangilio wake wa zamani: juu ya kilima mawe na mchanga wa luseni, chini yake itogolo, ardhi ngumu inayogonga kama sakafu, na bondeni kabisa mbuga, udongo mweusi. Mpangilio wa namna hii Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi kituo cha Amani kule Usambara, aliupa jina la katena katika miaka ya 1930, nao ukaingia vitabuni duniani kote. Wakulima walikuwa wakiujua kwa jembe. Mwendesha baiskeli anaujua kwa tairi: kwenye luseni anatafuta ukingo wenye nyasi ili tairi lisizame, kwenye itogolo anachanganya mwendo, na mbugani, mvua zikinyesha, anashuka mapema kabla tope halijajaa kwenye madigadi na kulikaba gurudumu. Wengine wameshang'oa madigadi kabisa. Heri mgongo wenye madoa.

Tufike kwenye vilima, maana hapo ndipo mtazamaji wa nje hukosea. Mwaka 2025 mbio za ubingwa wa dunia za barabarani zilifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika, na tuliona mabingwa wakizipanda zile barabara za mawe kwa gia nyingi na baiskeli ya kilo chache. Ni ajabu ya kweli, sibishi. Ila kwao kuteremka na kukokota ni aibu. Kwa mtu wa gia moja mwenye gunia la viazi kwenye keria, kukokota ni mbinu. Anasimama juu ya pedeli hatua chache tu, na kabla pumzi haijakatika anashuka, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo, anatembea bila kusimama. Asiyejua hung'ang'ania mpaka baiskeli inasimama yenyewe, mzigo unamvuta nyuma, na kilima kinachofuata kinamkuta hana kitu. Uamuzi wa kushuka hufanywa chini ya mlima.

Na mzigo una elimu yake. Hufungwa kwa mikanda iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi kuukuu, kwa sababu kamba ya katani hulegea barabara inapotikisa, ilhali mpira hurudi ulipokuwa. Uzito uegemee mbele ya ekseli ya nyuma kadiri inavyowezekana, la sivyo gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unacheza. Waliobuni baiskeli hizi waliufikiria uzito huo wa nyuma: mbele spoku 32, nyuma 40. Fundi mzuri wa pale chini ya mti haanzi kwa spana. Anaizungusha rimu, anapitisha kucha kwenye spoku na kusikiliza. Iliyolegea ina sauti nzito. Anaikaza, anazitazama gololi, anapaka grisi, na malipo yake ni madogo mno ukilinganisha na kilomita anazokukopesha.

Chakula ni michembe au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vibichi au baada ya kuchemshwa. Vinatafunwa polepole, havichachi, na havidai moto. Salamu nazo zinatolewa baiskeli ikiwa mwendoni, "mwangaluka, mayu!", na mama aliyebeba ndoo anajibu bila kugeuka.

Baiskeli zenyewe zililetwa na pamba. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake wakubwa, na fedha za pamba zikawa mabati, ng'ombe na baiskeli. Nalisema hili kwa sababu nachoka na wanaoitazama baiskeli kama alama ya ufukara. Iliingia nyumba nyingi za hapa kama alama ya mavuno. Lakini sitaki pia kusifia dhiki: mchuuzi wa dagaa akipata pikipiki ataichukua leo hii, na atakuwa amefanya vema.

Lamadi si mwisho wa utamu. Ukikunja kushoto kufuata barabara ya Mwanza, ziwa linabaki mkono wa kulia, Ghuba ya Speke, na njia inapanda na kushuka kati ya majabali hadi Nyashimo. Vilima vyake ni vifupi, lakini vinakuja baada ya siku nzima, na vinamfichua aliyetumia vibaya nguvu zake asubuhi. Upande wa pili, karibu kabisa, ni Serengeti. Tembo huingia mashambani, kwa hiyo hapa hakuna anayetaka kukutwa na giza.

Kurudi ndiko kwenye mjadala. Mzigo sasa ni dagaa, mwepesi kwa ujazo wake lakini mpana, unashika upepo. Ukisubiri alasiri, upepo wa ziwa utakusukuma mgongoni hadi karibu na Bariadi, ila usiku utakukuta kabla ya Maswa. Ukitoka alfajiri una mwanga wa kukutosha, lakini msaada wa upepo utaupata ukiwa umeshachoka. Nimewasikia wazee wakibishana juu ya hili kwenye kijiwe cha kahawa, kila mmoja na ushahidi wake. Mimi nipo upande wa upepo, na kulala Bariadi.